Kuondoa Udhia Njiani

Mara ya kwanza kinyesi cha mbwa kuniruka usoni ilikuwa mwezi wa tano, saa nne asubuhi, jua limetoka kweli kweli, jambo ambalo Glasgow si la kila siku. Nilikuwa nafyeka nyasi pembezoni mwa njia katika bustani ya mtaa, upande wa mashariki wa mji. Mashine tuliyokuwa tukitumia haina kisu. Ina kamba ngumu ya plastiki inayozunguka kwa kasi, na chochote inachokigonga inakirusha. Kokoto zinaruka, vijiti vinaruka, na lundo lililojificha ndani ya nyasi ndefu nalo linaruka, tena haliruki kama kipande, linaruka kama manyunyu. Nilivaa kofia yenye wavu mbele ya uso. Wavu unazuia kokoto. Hauzuii majimaji.

Nilizima mashine nikaenda kwenye bomba la nyuma ya stoo. Nikaosha uso, shingo, mikono mpaka viwiko, nikarudia, nikarudia tena. Mwenzangu, Mskoti aliyekuwa ameifanya kazi ile zaidi ya miaka 20, alinipa taulo lake. Hakucheka. Alisema tu, "Ukifyeka karibu na njia, funga mdomo."

Maneno yale yalinikaa. Mtu mzima, hodari wa kazi yake, amekwisha kulizoea jambo lile kama mvuvi alivyoyazoea maji ya chumvi. Mimi sikutaka kulizoea.

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, kwenye mitaa yetu inayoitwa kwa namba. Mbwa niliowajua utotoni walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na mbwa koko wasio na mwenyewe, wanaozurura sokoni na majalalani, nasi tukiwaona tunainama kuokota mawe. Na kulikuwa na mbwa wa Raskazone, nyuma ya mageti yaliyoandikwa MBWA MKALI, wanaofungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku walinde nyumba. Sikuwahi kumwona mtu akitoka na mbwa wake jioni, kamba mkononi, anampunga upepo. Kwa hiyo swali la nani aokote uchafu wake halikuwapo. Wa mbwa koko uliachiwa jua na mvua, wa mbwa wa geti ulifagiliwa na mtunza bustani. Juu ya hayo, sisi tuliosomeshwa chuo cha Kurani kwa madhehebu ya Imamu Shafi tulijua kuwa mbwa ni najisi nzito: akikugusa na unyevu unaosha mara saba, na moja kati ya hizo saba ni kwa udongo.

Ndivyo nilivyokuja Skoti, na hapa mbwa ni mtu wa nyumbani. Analala ndani, ana daktari wake, ana koti la mvua. Asubuhi na jioni lazima atoke, baridi au theluji, na wengi wao hawana ua wa kujisaidia kwa sababu wenyewe wanakaa ghorofani. Bustani ya mtaa ndiyo choo chao. Wenye mbwa walio wengi huwa na vifuko mfukoni. Huinama, huokota, hufunga fundo, hutia kwenye pipa, wakaendelea na safari. Lakini wachache wasiofanya hivyo wanatosha kuiharibu bustani nzima, maana mbwa mmoja anayetoka mara mbili kwa siku, siku 365, hesabu yake mtu anaweza kuifanya mwenyewe.

Kilichonitoa kwenye kuudhika na kunipeleka kwenye kutenda hakikuwa uso wangu. Kilikuwa kiatu cha mtoto.

Msikiti wetu uko ng'ambo ya bustani ile, na watoto wanaokuja madrasa Jumamosi hukata njia katikati ya nyasi. Siku moja ya mwezi wa kumi, mvua imenyesha usiku kucha, majani yaliyoanguka yamefunika kila kitu. Kijana wa miaka kama saba, wa familia iliyotoka Bujumbura, alivua viatu mlangoni kama kawaida akavipanga kwenye rafu. Harufu ikajaza ukumbi wa kuingilia. Wenzake wakaanza kutazama soli moja moja, na walipokipata kiatu chenyewe wakamtoka, kila mmoja hatua mbili nyuma. Yule mtoto alibaki peke yake katikati ya sakafu, soksi zimelowa, ameshika kiatu kwa vidole viwili, machozi yanamlengalenga. Nilimchukua tukaenda nje kwenye bomba. Viatu vile vya michezo vina mifereji midogo kwenye soli, na kila mfereji ulihitaji kijiti. Tukaosha, tukatafuta udongo chini ya mti, tukaosha tena mpaka zikatimia saba. Ilituchukua muda mrefu kuliko somo lake. Katika kuosha aliniuliza, "Amu, huyo mbwa alikuwa na hasira na sisi?"

Nilimjibu kwamba mbwa hana kosa. Mbwa anafanya alichoumbiwa. Nilipomaliza kusema nikajisikia kwamba nimejiambia mwenyewe.

Baada ya hapo nilianza kuuliza. Kwenye mkutano wa wakazi alikuja daktari wa mifugo, mama wa makamo, akatueleza jambo ambalo sikuwa nikilijua na naamini wengi hawalijui. Kuna mnyoo wa mbwa uitwao Toxocara canis. Mayai yake hayaonekani kwa macho, na hutoka pamoja na kinyesi. Kinyesi kikiwa kibichi, mayai yale bado hayajawa tayari kumwambukiza mtu. Yanahitaji wiki mbili tatu au zaidi ardhini, kutegemea joto. Kisha yanaweza kukaa kwenye udongo kwa miaka. Mtoto akicheza pale, akatia vidole mdomoni, mayai huanguliwa tumboni mwake na viluwiluwi vya mnyoo vikaanza kutangatanga mwilini: kwenye ini, kwenye mapafu, na mara chache kwenye jicho, ambako vinaweza kumharibia uwezo wa kuona. Si ugonjwa wa kila siku. Lakini tazama maana yake. Yule anayesema "mvua itakiosha" anakosea pale hasa. Mvua inapokisambaza, kinyesi kikapotea machoni, nyasi zikawa kijani na mama akatandika mkeka aketi na mwanawe, ndipo yale mayai yamekomaa. Watoto wa mbwa ndio wanaotoa mayai mengi zaidi, kwa kuwa wengi huupata mnyoo huo kwa mama yao kabla hata ya kuzaliwa, na ndiyo sababu dawa ya minyoo kwa mbwa ni sehemu ya usafi wa bustani sawa na kifuko.

Nilimweleza yule daktari habari ya mbuzi wa mjomba wangu kule Handeni. Mbuzi anaanza kuinamisha kichwa upande mmoja, anazunguka palepale, haoni njia, mwisho anaanguka. Wafugaji wanauita kizunguzungu. Mjomba alidhani ni mambo ya watu. Daktari aliujua ugonjwa ule. Kondoo wa Skoti nao huupata. Ni tegu, mnyoo mwingine wa mbwa. Mbwa hula kichwa kibichi cha mnyama mgonjwa, tegu likakua tumboni mwake, mayai yakatoka na kinyesi malishoni, mbuzi akala majani, kifuko cha maji kikaota kwenye ubongo. Nilimpigia mjomba simu jioni ile ile. Tangu hapo vichwa vya mbuzi wake vinazikwa au vinachemshwa, na mbwa wake wanapewa dawa. Sikutarajia kwamba kilio cha kiatu Glasgow kingefika Handeni, lakini kilifika.

Sasa nieleze nilipokosea, maana nilikosea vibaya.

Skoti ina sheria ya mwaka 2003 inayohusu jambo hili hili tu. Aliyeongozana na mbwa ndiye mwenye wajibu, awe mwenye mbwa au aliyeombwa kumtembeza, na anatakiwa aondoe uchafu pale pale. Faini ilianza kwa pauni 40, na mwaka 2016 ikapandishwa kuwa 80. Mimi nilipoijua sheria ile niliibeba kama fimbo. Nilitembea bustanini baada ya kazi nikiwatazama watu mikono. Jioni moja mbwa mkubwa mweusi alichuchumaa kando ya uwanja wa mpira, na mwenyewe, mwanamume mrefu wa umri wangu, akawa amempa mgongo. Nilimpigia kelele kutoka mbali. Nilimwambia ni aibu, watoto wanacheza pale, nitampeleka kwa wakubwa. Watu waligeuka. Yule bwana akageuka pia, na mkononi alikuwa ameshika kifuko kilichokwisha kufunguliwa. Alikuwa amegeukia upepo ili mdomo wa kifuko ufunguke. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Aliinama akaokota, hakunijibu neno, akaondoka. Sikumwona tena bustanini kwa miezi.

Nilirudi nyumbani nikijua nimemdhalilisha mtu muungwana mbele za watu. Kwetu neno hilo ni zito. Na kibaya zaidi, waliokuwa wakiacha uchafu hawakuwapo pale kunisikia. Walikuwa wakija alfajiri na usiku. Kelele zangu ziliwafikia wale tu ambao hawakuzihitaji.

Desemba ya mwaka ule barafu ilishika ngazi za jengo letu, na bibi wa ghorofa ya chini, mjane anayeishi peke yake, akateleza akavunjika nyonga. Alipelekwa hospitali. Akabaki Bonnie, mbwa wake mdogo wa kahawia, mwenye mvi puani. Binti wa bibi anakaa mji mwingine. Akaomba jirani yeyote amtoe Bonnie asubuhi na usiku mpaka utaratibu upatikane. Jengo lina familia nane. Siku ya kwanza nilinyamaza. Usiku nilimsikia mbwa akilia mlangoni.

Nilimpigia mama Tanga. Nilidhani ataniambia niachane na jambo hilo, yeye ambaye hata kivuli cha mbwa alikuwa akikikwepa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Baba, yule mtu aliyemteremkia mbwa kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake, Mungu alimfanya nini?" Nikasema alimsamehe. "Basi chukua glavu, tenga nguo, na ukirudi uoge. Maji unayo."

Ndivyo tulivyofanya. Koti moja la mbwa, likining'inia nje ya mlango. Viatu vya mbwa, haviingii ndani. Glavu. Nami na Bonnie tukaanza kujuana. Niseme wazi kwamba tangu siku ile bustani niliyokuwa nikifanya kazi ndani yake niliiona upya. Niliona kwamba mbwa huchuchumaa mapema, dakika chache tu baada ya kuingia getini, wakati pipa la taka lilikuwa mwisho wa bustani karibu na maegesho, safari ya robo saa na kifuko kinachonuka mkononi. Nikaelewa vile vifuko vilivyofungwa vizuri halafu vikatundikwa kwenye matawi, ambavyo sisi wafanyakazi tulikuwa tukivilaani kila siku. Aliyekitundika alinuia kukichukua akirudi, kisha akatokea lango jingine. Simtetei, plastiki ile ingekaa pale muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. Lakini nilijua sasa kosa lake limeanzia wapi.

Halafu ikaja usiku wangu. Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni na halichomozi mpaka karibu saa tatu asubuhi, kwa hiyo mtu mwenye kazi humtoa mbwa gizani mara zote mbili. Theluji iliyochanganyika na mvua ilikuwa ikinipiga usoni. Bonnie alijisaidia getini, nikaokota kwa kifuko kimoja nilichokuwa nacho. Tukafika uwanjani akajisaidia tena. Anayewatembeza mbwa analijua hilo, lakini mimi nilikuwa sijalijua. Nikapapasa mifuko yote. Risiti ya basi, ufunguo, basi.

Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alisikie. Mimi, niliyerushiwa uchafu usoni, niliyeosha kile kiatu mara saba, niliyempigia kelele mtu asiye na hatia, nilitazama kulia na kushoto kuona kama kuna anayeniona. Na moyo wangu ulikwisha kunipa hoja zote: kuna giza, kuna baridi, ni kidogo, kesho niko kazini hapa hapa nitakiokota. Ninaamini wengi wanaoacha uchafu si watu wabaya wa namna yao. Ni watu waliofika kwenye lile giza, mfuko mtupu, hakuna jicho, na mara ya pili huwa rahisi kuliko ya kwanza.

Kutoka upande wa pili wa uwanja ikaja tochi. Ilikuwa ya mama mmoja na mbwa wake mwenye miguu mifupi. Hakuniuliza kitu. Alitoa kifuko kwenye mkono wa koti lake akaninyooshea, akasema, "Wangu nao hufanya mara mbili. Huyu anaitwa nani?" Nikamwambia Bonnie. Akainama akamsalimia Bonnie kwa jina, akaenda zake. Mkononi mwake, juu ya kiwiko, alivaa utepe wa kijani.

Kesho yake nilimtafuta. Alikuwa amewahi kukaa Falkirk, mji ulio kati ya Glasgow na Edinburgh, ambako halmashauri ilianzisha mpango wa hiari wa watembeza mbwa. Anayejiunga anaahidi kuokota uchafu wa mbwa wake, kutembea na vifuko vya ziada, na kuvaa alama ya kijani ili yeyote aliyeishiwa ajue anaweza kumwomba. Hamfokei mtu wala hamripoti. Kazi yake ni kuonekana tu, na kuwa na kifuko. Mpango ule ulisambaa kwenye halmashauri nyingine nyingi za Uingereza. Nilipomsikiliza nikafikiri, huu si mpango wa kigeni kwangu hata kidogo. Mtume alisema imani ina matawi zaidi ya sabini, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Niliisoma hadithi hiyo nikiwa na miaka tisa, nikadhani ni habari ya miiba na mawe.

Tukaanza watu watatu. Kitu cha kwanza tulichokubaliana kilikuwa salamu. Huku watu hupitana kimya, lakini ukiuliza jina la mbwa, mtu hufunguka. Nilijifunza majina: kumi, ishirini, thelathini. Majina ya wenyewe nilichelewa kuyajua, na hadi leo wengine siyajui, ila nawajua kwa mbwa wao kama Tanga mama anavyojulikana kwa mwanawe, Mama Fulani na Baba Fulani. Na mtu unayemsalimia kwa jina la mbwa wake kila asubuhi huona tabu kuacha uchafu mbele yako, na taratibu huona tabu hata usipokuwapo. Sijaona faini iliyofanya hivyo. Afisa ni lazima awepo, au apatikane shahidi aliyeona na aliye tayari kusema, na nani anataka kumshuhudia jirani yake kwa jambo la nusu dakika gizani? Sheria iwepo, ndiyo. Lakini haifiki kila kona ya bustani.

Getini tulifunga chupa ya plastiki ya maziwa, tumeikata tundu ubavuni, tukaijaza vifuko: chukua ukikosa, rudisha ukipata. Wiki mbili za kwanza watu walichukua bila kurudisha. Nusura tuache. Wiki ya tatu nilikuta pakiti mpya nzima imesokomezwa ndani, na tangu hapo haijawahi kuwa tupu kwa siku mbili mfululizo. Pipa lilituchukua muda zaidi. Niliandika barua nikiwa mkazi, si mfanyakazi, nikaeleza kwamba sikuomba pipa jipya, naomba lile la maegesho lihamie getini. Barua ya kwanza haikujibiwa, ya pili ilijibiwa kwa maneno ya jumla. Ya tatu tulitia picha za matawi yenye vifuko, zilizopigwa asubuhi moja. Pipa likahama.

Tulijaribu pia rangi. Tulizungushia kila lundo duara la rangi ya chaki, rangi kali ya waridi, ili mtu aone wingi wake na mtoto asikanyage. Jumapili ya kwanza nilikuwa na wale watoto wa madrasa, walioomba wahesabu. Tulipofika 40 yule mwenye kiatu akakata tamaa akaacha. Duara zile zilisema zaidi ya bango lolote, lakini mvua ya Glasgow huzifuta kabla ya wiki, basi tunazitumia mara chache. Mabango yenye picha ya macho yanayong'aa gizani tuliyaweka kwenye njia yenye giza. Nadhani yalisaidia kidogo. Taa ingesaidia zaidi.

Ambalo sikulitegemea ni mazungumzo yaliyokuja na hayo. Watoto wetu wengi walikuwa wakimwona mbwa wanapiga ukelele na kukimbia, na mbwa akiona kitu kinakimbia hudhani ni mchezo, hukifuata. Mwenye mbwa naye, mita hamsini nyuma, hupaza sauti: "Msijali, ni mpole!" Neno lile lilikuwa likimuudhi kila mama wa Kisomali na wa Kizanzibari ninayemjua, maana tatizo letu si ukali wake tu, hatutaki kulambwa tukiwa njiani kwenda kuswali. Jumamosi moja yule mama wa utepe wa kijani alikuja uwanjani na mbwa wake akiwa kwenye kamba, akawafundisha watoto: simama kama mti, kunja mikono, usimtazame machoni, nyamaza. Mbwa atachoka na wewe. Mimi nikawaeleza wenye mbwa habari ya udhu na mara saba. Wengi hawakuwahi kuambiwa. Walidhani tunawachukia mbwa wao, au tunawachukia wao. Tangu hapo wengi wakiona mtoto aliyevaa kanzu au hijabu, wanamwita mbwa na kumfunga kamba kabla ya kufika. Sikuwahi kuona jambo dogo kama lile likiwatuliza watu wengi kiasi kile.

Sijasema bustani imekuwa peponi. Kuna mtu anakuja na gari alfajiri, anafungua mlango wa nyuma, mbwa anatoka peke yake, mwenyewe anabaki ndani na joto la gari, dakika tano, wanaondoka. Nimemsalimia kupitia kioo. Hakuteremsha. Nimeokota uchafu wa mbwa wake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijapata njia ya kumfikia.

Mwaka juzi nilikwenda Tanga kumwona mama. Nikakuta chanjo ya kichaa cha mbwa inatolewa kwenye uwanja wa shule, nje kidogo ya mji. Watoto walikuwa wamepanga foleni na mbwa wao, wengi wakiwa wamewafunga kamba za katani. Wale mbwa niliodhani hawana wenyewe, nilipowatupia mawe, kumbe wengi wana watoto wanaowapenda. Mtaalamu aliyekuwa akichanja alinieleza kwamba wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukosa pa kupita. Pale uwanjani mbwa walijisaidia kwa hofu, na hakuna aliyeokota, nami sikutarajia. Kila mahali pana hatua yake ya kwanza. Mtoto aliyesimama juani kwa muda wa saa mbili akiwa ameshika kamba ya katani amekwisha kusema kwamba mbwa huyu ni wangu, na yanayotoka kwake ni yangu. Nilimsaidia mwalimu mmoja kufukia uchafu kwa jembe kabla ya gwaride la kesho yake. Mama alicheka sana nilipomsimulia, akaniletea kata ya maji na udongo bila kuombwa.

Yule bwana wa mbwa mweusi nilimtafuta kwa muda mrefu. Nilimkuta nje ya duka la dawa. Nilimwomba radhi pale pale kwenye lami, nikamweleza habari ya kiatu na ya usiku wangu gizani. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema alikuwa akitembea kilomita mbili zaidi kwenda bustani nyingine kila siku kwa sababu yangu, na mbwa wake ni mzee, magoti yanamuuma. Nilimuuliza jina la mbwa. Akaniambia.

Mwezi wa tano uliopita nilikuwa nafyeka pembezoni mwa njia ile ile. Bibi wa chini alikuwa amekaa kwenye benchi na mkongojo wake, Bonnie amelala miguuni. Kabla ya kuwasha mashine sasa huwa napita kwanza kwa miguu, taratibu, nikigawa nyasi kwa kijiti, na asubuhi ile nilipata malundo mawili tu kutoka getini mpaka uwanjani. Nilikuwa nimeinama kwenye la kwanza niliposikia kifuko kikifunguliwa nyuma yangu. Alikuwa yeye, mbwa mweusi kando yake, amegeukia upepo. "La pili niachie mimi," akasema.